Jina, Nembo na Mtu: Utambulisho wa Vyama vya Watu Wenye Ulemavu kwa Mfano wa Ufipa

Jina la Sumbawanga ni sentensi kamili. Wenyeji wa Ufipa hulifafanua kuwa ni amri: tupa uchawi. Msemaji wa Kiswahili asiyekijua Kifipa huenda asilitambue neno la kwanza, lakini la pili halimpiti, kwani kwake wanga ni watu wa usiku na kuwanga ndiyo kazi yao. Makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, basi, yamebeba tangazo ambalo kila anayeandika anwani juu ya bahasha hulirudia, ajue asijue. Tangazo hilo halikuyazuia yaliyotokea. Mwaka 2013, na tena mwaka 2015, watoto wenye ualbino walivamiwa na kukatwa mikono katika mkoa huo, kwa sababu ya imani kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino kikitiwa katika dawa za mganga huleta utajiri. Waliofanya hivyo bila shaka walilitamka jina la mji huo mara nyingi maishani mwao.

Kwa hiyo anayetaka kutetea umuhimu wa majina hana budi kuanza kwa kukiri kwamba jina pekee halimlindi mtu. Hata hivyo jina baya humwacha wazi, na jina lililofichwa halimsaidii. Suala la utambulisho wa vyama vya hisani na vya utetezi, yaani jina, nembo, rangi, kaulimbiu, mhuri na kibao cha ofisi, limezoeleka kuwa la fundi rangi na mchapaji, au siku hizi la kijana mwenye kompyuta. Makala haya yanadai kwamba suala hilo ni la lugha kabla ya kuwa la rangi, na kwamba mtindo ulioenea nchini wa kulisokota jina lote ndani ya herufi tatu nne unalinyang'anya jina kazi yake kuu, nayo ni kumtaja mtu.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya Ufipa ni wa chama kinachofahamika kwa herufi TAS. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1978, na herufi zake zilisimama badala ya maneno ya Kiingereza, Tanzania Albino Society. Baadaye wenye chama waliona kwamba neno la kati linamgeuza mtu kuwa hali yake ya ngozi. Wakalibadilisha, likawa Albinism, yaani ualbino, na chama kikawa cha hali badala ya kuwa cha aina fulani ya viumbe. Herufi hazikuguswa. Mihuri ilibaki ileile na waliozoea kusema TAS wakaendelea kusema TAS. Kwa hesabu ya fedha huo ulikuwa ubunifu mzuri, kwa sababu chama kisicho na kitu kiliweza kukua ndani ya vazi lilelile. Lakini yafaa kuuliza ni nani aliyeyaona mageuzi hayo. Aliyesimama mbele ya kibao chenye herufi tatu aliona herufi zilezile tatu. Ugomvi wote uliokuwa ndani ya neno hilo, na ushindi wake, ulibaki katika katiba ya chama na katika barua za wafadhili.

Katika Kiswahili mageuzi hayo ni makubwa kuliko yalivyo katika Kiingereza, na hapa ndipo penye uzito wa suala lenyewe. Kiingereza kiliongeza kiambishi mwishoni mwa neno. Kiswahili kililazimika kuvunja neno moja na kujenga kirai kizima: kutoka albino au zeruzeru hadi mtu mwenye ualbino. Nomino mtu imekaa mbele, nayo ndiyo inayotawala upatanisho wa sentensi yote. Yanayofuata ni sifa yake.

Imewahi kudaiwa katika mijadala ya aina hii kwamba dhambi ya Kiswahili iko katika ngeli: kwamba kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibiongo na kichaa wametupwa katika ngeli ya vitu, pamoja na viti na visu. Hoja hiyo husikika kuwa na nguvu, ila haisimami yenyewe. Kiongozi naye yumo humo, na kijana, na kinyozi, na kipenzi cha mtu. Isitoshe, Kiswahili sanifu hakisemi *kipofu kile kimekuja*. Husema *kipofu yule amekuja*. Alichonyimwa mtu huyo na kiambishi cha nomino, amerudishiwa na kitenzi. Vivyo hivyo kiambishi *ma-* katika *mazeruzeru* na *maalbino* hakiwezi kuhukumiwa peke yake, maana *ma-* hiyohiyo imewakusanya madaktari, mawaziri na maaskofu, ambao hawajalalamika. Kinachoumiza ni mkusanyo wenyewe: idadi kubwa ya majina ya kasoro za mwili kukaa katika umbo moja, yakitumiwa kumwita mtu njiani kwa kile alichokosa, mahali ambapo wenzake huitwa kwa majina ya baba zao. Ni suala la matumizi, na matumizi hurekebishwa na watu.

Neno *mlemavu* liliingia kama hatua ya heshima, kwani angalau limo katika ngeli ya watu. Hata hivyo kiambishi tamati *-vu* kina tabia yake. Mvivu, mtulivu, mlegevu, mpotevu: haya ni majina ya watu ambao sifa imewaganda. Mlemavu ni mtu aliyelemaa na ambaye kulemaa kumekuwa ndiyo hali yake yote. Kirai *mtu mwenye ulemavu* hakigandishi hivyo. Tena *mwenye* ni neno lenye hadhi katika Kiswahili. Humtaja mwenye nyumba, mwenye shamba, na kwa njia ya mwenyeji humtaja hata aliyetangulia kufika mahali. Sheria za nchi zimepita njia hiyohiyo. Sheria mbili za mwaka 1982, moja ya ajira na nyingine ya matunzo, ziliandikwa kwa Kiingereza kwa istilahi inayolingana na *walemavu*, Sheria Na. 9 ya mwaka 2010 ni ya Watu Wenye Ulemavu, mwaka mmoja baada ya Tanzania kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 unaohusu haki zao.

Kabla ya kufika hapo, Kiswahili cha magazeti na cha majukwaani kilipita katika kichochoro kimoja ambacho madhara yake bado yapo. Kwa nia njema kabisa watu wenye ualbino waliitwa *walemavu wa ngozi*. Msemo huo ulikwepa tusi, ukaleta kosa la maarifa. Ualbino haukai katika ngozi peke yake. Upungufu wa rangi ya mwili huathiri macho pia, na wengi wenye hali hiyo wana uoni hafifu tangu kuzaliwa. Mwalimu aliyefundishwa na jina kwamba mtoto huyu tatizo lake ni ngozi atamtafutia kofia na kivuli, na hapo atakuwa ametenda wema. Lakini atamketisha nyuma ya darasa, mbali na dirisha lenye jua, mahali ambapo mtoto haoni neno hata moja ubaoni. Mwisho wa mwaka mtoto huyo ataandikwa kuwa ni mzito wa kuelewa. Wako waliopoteza elimu yao kwa sababu ya kivumishi. Chama kikichagua jina, au mchoro wa nembo unaoonyesha ngozi tu, kinachagua pia yale ambayo jamii itayajua na yale ambayo haitayajua.

Ama kuhusu *zeruzeru*, magazeti ya nje yamependa kulifasiri kuwa ni mzimu. Msemaji wa kawaida wa Kiswahili hulitumia kumtaja mtu, na tafsiri hiyo ya kutisha imelitia neno sumu zaidi ya ile liliyokuwa nayo. Lakini wenye kuitwa hivyo wamelikataa, na hoja hiyo inatosha. Mwanaisimu hana kura katika jambo hilo.

Kwamba kura ni ya wenyewe kunadhihirishwa vizuri na chama kingine ambacho hakikubadilika. Viziwi wa Tanzania wana chama chao, CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Neno lenye *ki-/vi-* limo ndani yake waziwazi na wenyewe hawalionei haya. Sababu yao ni ya kilugha. Viziwi wanayo Lugha ya Alama ya Tanzania, yenye sarufi yake isiyokuwa kivuli cha sarufi ya Kiswahili, na jamii yenye lugha yake haijioni kuwa ni kundi la watu waliopungukiwa na masikio. Kwao *kiziwi* ni jina la kujitambulisha, kama vile Mfipa ni jina la kujitambulisha. Anayetoka nje na kuwasahihisha kwamba waseme *watu wenye uziwi* amewafanyia ubwana uleule aliokuja kuuondoa. (Kwamba kifupisho chao kikitamkwa haraka husikika kama *cha vita* ni sadfa ambayo huenda haikuwachukiza.) Chama cha Wasioona nacho kimechagua kirejeshi na ukanushi, *wasioona*, badala ya vipofu. Vyama vitatu vimepita njia tatu, na hakuna sababu ya kuvilazimisha vifuate kanuni moja.

Kinachovikusanya pamoja ni tabia ya kujifupisha. Vifupisho vya Kiswahili vya tangu zamani hutengenezwa kwa silabi na hutamkika: CHAVITA, CHAWATA, SHIVYAWATA. Hivi huingia katika mazungumzo kama maneno. Hata hivyo angalia kilichomo ndani ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama hivyo. Silabi *WA* yaweza kuwa ya *walemavu*, na yaweza kuwa ya *watu wenye ulemavu*. Masikio hayapambanui. Hatua nzima iliyoelezwa hapo juu, ya kumweka mtu mbele ya hali yake, haina hata silabi moja ya kuionyesha. Vifupisho vya Kiingereza ni vizito zaidi. Wagonjwa waliotibiwa katika hospitali ya CCBRT, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1994, ni wengi sana, na wengi wao hulitamka jina hilo kama wimbo wa herufi bila kuwa na habari kwamba herufi ya pili inataja jamii, na kwamba falsafa ya taasisi hiyo ilikuwa kumhudumia mtu nyumbani kwake kabla ya kumleta mjini.

Nchini Uingereza vyama vya aina hii vimekimbia upande mwingine. Chama kilichoanzishwa mwaka 1952 kwa jina la Spastics Society kiliona jina lake likigeuka kuwa tusi la watoto viwanjani, na mwaka 1994 kikajiita Scope, neno ambalo halisemi lolote juu ya ulemavu. Tusi lilikosa mahali pa kushika. Lakini mpita njia naye alikosa pa kushika, na chama kikabaki na kazi ya kueleza kila mara kwamba kinamhusu nani. Wao wamejificha nyuma ya neno tupu, nasi tumejificha nyuma ya herufi.

Historia ya nembo maarufu kuliko zote katika uwanja huu inafundisha jambo hilohilo kwa mchoro. Alama ya kiti cha magurudumu, ambayo leo imebandikwa katika milango ya hospitali na benki hata Sumbawanga mjini, ilichorwa mwaka 1968 na mwanafunzi wa Kidenmaki, Susanne Koefoed. Mchoro wake wa awali ulionyesha kiti peke yake. Mwaka uliofuata Karl Montan, aliyeongoza kamati ya kuichagua alama hiyo kwa ajili ya shirika la Rehabilitation International, aliongeza duara dogo juu ya kiti, likawa kichwa. Kwa nukta moja kiti kikapata mwenyewe. Miongo minne baadaye, huko Marekani, walitokea wengine walioiinamisha ile picha mbele na kuupa mkono mwendo, ili aliyeketi aonekane anajisukuma badala ya kusukumwa. Alama imekua, na kila hatua ya kukua kwake imekuwa ya kumrudisha mtu. *Mtu* katika *watu wenye ualbino* ni lile duara la Montan. Kuandika TAS pekee juu ya kibao ni kuchora kiti kisicho na kichwa.

Itajibiwa kwamba chama hakiwezi kubadilisha vibao, fulana na karatasi za barua kila neno linapochakaa, na kwamba kifupisho ndicho kinachokipa uthabiti. Jibu hilo lina ukweli. Maneno huchakaa; *mlemavu* liliwahi kuwa neno la adabu, na hakuna wa kuahidi kwamba *mwenye ulemavu* halitachakaa. Utambulisho unaofaa ni ule unaoweza kukua bila kuanza upya. Lakini Waswahili hawana haja ya kuagiza ujuzi huo kutoka nje, kwa kuwa wameuvaa mwilini kwa zaidi ya karne moja. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina. Pindo na mji huweza kurudiwa chapa baada ya chapa, na macho huizoea kanga hiyo hata ikiwa mbali, huku jina likibadilishwa kila inapochapwa upya. Hakuna anayesema kwamba kanga imepoteza utambulisho kwa sababu maneno yake ni mapya. Tena jina la kanga haliwi kifupisho kamwe. Ni usemi mzima unaosomeka na kujadiliwa kibarazani. Chama kinachotaka nembo inayokua kingeweza kuweka rangi na umbo kuwa pindo na mji wake, vikae miaka ishirini, na kuuacha wazi mstari wa maneno, ambao wanachama wataujaza kwa Kiswahili kinachosomeka na ambao wataweza kuubadili mkutanoni bila kumlipa mtaalamu.

Neno *wanachama* hapo halikuwekwa kwa mapambo. Utambulisho wa vyama vingi hubuniwa Dar es Salaam, kwa Kiingereza, kwa macho ya mfadhili, kisha hutafsiriwa. Jina linalozaliwa hivyo huwa halina nafasi ya kushauriwa na hali ya mahali. Tazama suala la jua. Shirika la Under The Same Sun, lililoanzishwa mwaka 2008 na Peter Ash, raia wa Kanada ambaye mwenyewe ana ualbino, lilichagua jina zuri lenye makali, kwa sababu jua lile linalotuangazia sote ndilo linalowaua wengi wenye ualbino kwa saratani ya ngozi. Mchoraji wa pwani akiambiwa achore jua atalichora likiwaka, na mkazi wa pwani ataelewa mara moja. Uwanda wa Ufipa ni mahali pengine. Sumbawanga ipo katika mwinuko unaokaribia meta 1,800. Upepo wake ni wa baridi, na katika miezi ya Juni na Julai watu hutembea na makoti mchana. Anayeishi huko hahisi kwamba anaungua. Ilhali miale inayodhuru ngozi huongezeka kadiri mtu anavyopanda juu, kwa kiasi cha asilimia 10 hivi kwa kila meta 1,000, na baridi haipunguzi lolote. Mzazi wa Ufipa aliyeonyeshwa picha ya jua kali anaweza kuamini kwa dhati kwamba habari hiyo ni ya watu wa bondeni, kule chini Ziwa Rukwa kwenye joto, na mwanawe akashinda shambani bila kofia. Katika uwanda huo ujumbe unaofaa ungekuwa juu ya mchana wa baridi. Hilo lingesemwa na mwanachama yeyote wa Sumbawanga kama angeulizwa, na lisingeweza kujulikana katika ofisi iliyo usawa wa bahari.

Hali kadhalika kuhusu usalama. Baada ya yaliyotokea mwaka 2013 na 2015, mama mwenye mtoto wa namna hiyo katika kijiji cha bondeni anahitaji kujua kwamba mjini kuna mlango ambao anaweza kuugonga. Ataambiwa habari zake na mtendaji wa kijiji, au na jirani aliyekuwa sokoni, kwa mdomo. Jina lake litasafiri kilometa nyingi likiwa sauti tu. Herufi tatu za Kiingereza zenye konsonanti mwishoni zitafika zimegeuka kuwa *tasi*, jina la samaki wa pwani, na mama huyo akishuka stendi atauliza habari za samaki. *Chama cha Watu Wenye Ualbino* kitafika kama kilivyoondoka.

Wapo watakaosema kwamba kibao kinachotamka neno *ualbino* waziwazi kinawaonyesha wahalifu mahali pa kuwinda. Hofu hiyo haistahili kudharauliwa, na ni jambo ambalo wanachama wa kila wilaya wanapaswa kuliamua wenyewe. Hata hivyo wahalifu hawakuwahi kuhitaji kibao. Kesi nyingi zilizofika mahakamani nchini zilihusisha watu waliomfahamu mtoto, majirani na hata ndugu. Anayehitaji maandishi ni yule asiyejua pa kukimbilia.

Kazi yenyewe si kubwa. Kibao cha bati, rangi mbili, na maneno *Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania, Sumbawanga* kwa herufi kubwa zenye wino mzito juu ya rangi nyepesi, ili asomaye kwa shida, ambaye mara nyingi ndiye mwenye chama, aweze kuyasoma bila kukigusa kibao kwa pua. Herufi TAS zinaweza kukaa chini, katika kona, kwa ajili ya benki na wafadhili. Na wanachama watakapolichoka neno *ualbino*, fundi rangi ataitwa afute neno moja.